Papa haoni tena: tufanye nini nyumbani?



Tuseme ni papa yako. Miaka yote alikuwa mvuvi pale Kalundu, anatoka jioni na taa kutafuta ndagala, anarudi asubuhi na nguo zimelowa. Au tuseme ni kaka yako mkubwa. Alikwenda Misisi, au Kamituga, kuchimba dhahabu, kipande cha jiwe kikamruka ndani ya jicho, akakaa nacho wiki nzima bila kuonana na munganga, kisha jicho la pili nalo likaanza kuzimika. Au ni mama, ambaye tangu mwaka jana anamwaga chumvi pembeni ya chungu na kusema ni uchovu tu. Halafu siku moja munganga anasema lile neno: hataona tena.

Majirani wanakuja, wanakaa, wanalia kidogo, wanarudi kwao. Wewe unabaki naye. Unamtandikia mkeka karibu na ukuta, unamwambia: "Papa, bakia tu hapa, usitembee, utaanguka." Unasema hivyo juu unampenda. Naye anabakia. Anabakia mwezi, anabakia mwaka, anabakia miaka kumi. Na kwa sababu siku moja moja lazima aende kanisani au sokoni, mnamchukua mtoto wa kike wa miaka tisa awe anamshika fimbo. Mtoto huyo shule imekwisha kwake.

Hesabu vizuri: nyumba imepoteza watu wawili, si mmoja. Wa kwanza alichukuliwa na ugonjwa. Wa pili mlimtoa wenyewe.

Ndiyo sababu mwezi huu tunataka kuongea na wewe juu ya jambo hili. Mtu aliyepoteza macho hakupoteza mikono, wala masikio, wala akili. Lakini anahitaji kufundishwa upya, na sehemu kubwa ya mafundisho hayo inaweza kuanza kwako nyumbani, kesho asubuhi, bila feza nyingi.

Kwanza, giza hili ni la namna gani?

Kabla ya kukubali, uliza. Kuko giza linaloondoka. Mboni ya jicho la mzee ikigeuka nyeupe kama maziwa, mara nyingi ni mtoto wa jicho, Wafaransa wanasema katarakti. Duniani kote ndio ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko yote, na dawa yake ni upasuaji wa karibu nusu saa. Kuna wazee wanaokaa gizani miaka mingi, na kumbe ingetosha safari moja ya hospitali. Hilo ni jambo la kuhuzunisha sana.

Kuko na giza lisiloondoka. Glokoma, ile presha ya ndani ya jicho, inaua mshipa polepole bila maumivu. Kilichokufa hakirudi, lakini matone ya dawa yanaweza kulinda kilichobaki. Tena inatembea katika ukoo: kama papa anayo, wewe na ndugu zako mkapimwe hata kama mnaona vizuri. Pombe kali iliyochanganywa na metanoli inaweza kuzima macho katika siku moja au mbili tu. Na milimani, penye mito inayokimbia, inzi wadogo weusi wanaleta upofu wa mtoni. Ndiyo maana vidonge vya Mectizan vinagawiwa bule katika vijiji, kazi ambayo kampuni ya Merck iliiahidi mwaka 1987. Ukigawiwa, umeze, usiviweke chini ya godoro.

Neno dogo kwa akina mama, kisha nitaendelea. Macho ya watoto wadogo yanakufa pia kwa kukosa vitamini A, zaidi sana baada ya surua. Nanyi mnakaa katika nchi ya mawese! Mafuta mekundu yamejaa hiyo vitamini. Lakini mkiyachoma mpaka yawe meupe, mmeichoma nayo.

Sasa, tafadhali sana: usitie ndani ya jicho maji ya majani, wala mkojo, wala maziwa ya mama. Jicho linalouma kidogo linaweza kuoza kwa ajili ya dawa hizo. Na usiende kwa mfumu kuuliza nani amemloga papa. Atakutajia mtu, hakosi, kawaida mama mzee wa jirani au shangazi asiyekuwa na mtoto. Utarudi na adui mpya, na papa bado haoni, na feza ya safari ya hospitali imekwisha.

Lakini kuwa na kiasi upande mwingine pia. Kule Poland alikuwako msichana wa ukoo mkubwa, Róża Czacka, ambaye alipofuka kabisa akiwa na miaka 22, mnamo 1898. Munganga mmoja alimwambia ukweli: asikubali kuzungushwa tena kutoka daktari huyu mpaka yule, juu hakuna la kufanya, afadhali ashughulike na vipofu wenzake, ambao hakuna anayewajali. Alisikia. Alijifunza kusoma kwa vidole, akaanzisha kazi kubwa ya vipofu kule Warszawa, halafu, mwaka 1918, shirika la masista. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 12 Septemba 2021. Masista wake hao ndio wanaoendesha shule ya watoto vipofu pale Kibeho, Rwanda, mahali ambapo wengi wenu mmekwenda kuhiji. Yaani waganga wawili au watatu, sawa. Wa kumi, hapana. Feza hiyo inunue kitu kingine.

Mwache alie

Mwezi wa kwanza usimletee mashauri mengi. Mtu aliyepoteza macho yuko katika kilio kama aliyefiwa. Atakasirika kwa kitu kidogo, atakataa chakula, atasema afadhali afe. Wanaume zaidi, kwa kuwa wanaona aibu kulishwa na bibi zao. Usimjibu kwa haraka "Mungu anajua". Kaa naye. Na kama hayo ya kufa anayarudiarudia, msimwache peke yake, mwiteni munganga.

Msaada mkubwa kuliko yote ni kumkutanisha na mtu mwingine asiyeona ambaye amekwisha kuzoea. Katika mitaa ya Uvira hawakosekani. Muulize katekista, au wazee wa shirika lenu. Wakae wawili peke yao, nyinyi mtoke. Mambo watakayoambiana wewe huwezi kuyasema, hata ukiwa na moyo mzuri namna gani.

Na vijana mnaotembelea wagonjwa, sikieni hili. Mimi mwenyewe zamani nilimkuta mzee asiyeona pembeni ya barabara. Nikamkamata mkono kwa nguvu, nikamvuta mpaka ng'ambo, nikajisifu moyoni. Akaniambia: "Mwanangu, asante. Lakini miye siko mbuzi. Na tena sikutaka kuvuka." Nilicheka pale, usiku sikucheka. Kwa hiyo: unapofika, taja jina lako, usimchezeshe "nani mimi?" Ukitoka, mwambie unatoka, asibaki anaongea na ukuta. Ukimwongoza, usimvute, yeye ndiye anakamata mkono wako juu ya kiwiko, anafuata nusu hatua nyuma. Mwili wako utamwambia kama njia inapanda, inashuka au inapinda. Penye mfereji, simama, sema: "Mfereji, hatua moja ndefu." Basi.

Nyumba yenyewe

Kila kitu kiwe na mahali pake, na kirudi pale pale. Kisu, chumvi, kandambili, bido la maji. Sheria hiyo ni ya watoto kuliko ya mzee. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa. Ule wa nusunusu ndio unaopasua paji la uso. Funga kamba kutoka mlango wa nyuma mpaka kwenye choo, urefu wa kiuno, afuate kwa mkono. Kamba ya feza kidogo tu inamrudishia mtu heshima yake usiku. Na katika mji wetu, ambamo kipindupindu kinarudi kila mara, weka maji na sabuni pale kamba inapoishia.

Mama aliyekuwa akipika, apike. Ndiyo, juu ya mbabula. Avue kitenge kinachoning'inia, akae upande ambao upepo unamtoka mgongoni, vyombo vyote mkono wa kulia, moto mbele. Mafuta yanayochemka yanalia tofauti na maji yanayochemka, yeye anajua sauti hizo kuliko wewe. Sombe kuiva anaijua kwa harufu. Akimimina maji ya kunywa, kidole kimoja kiwe juu ya ukingo wa kikombe. Siku za kwanza atamwaga na ataungua kidogo. Wewe pia uliungua ulipokuwa unajifunza.

Katika vitabu vya wazungu wanafundisha kumweleza kipofu sahani yake kama saa: nyama iko saa tatu, mboga iko saa sita. Kwetu hiyo inaleta fujo, kwa maana saa tatu yetu mshale unaonyesha tisa! Sema tu: "Samaki karibu na kifua chako, bugali mbele, pilipili upande wa kushoto." Na mikeke ina miiba, mwambie.

Feza: kila noti ikunjwe kwa namna yake. Za mia tano haikunjwi, za elfu moja mara moja, za elfu tano mara mbili, za elfu kumi kwa urefu. Mwenyewe achague. Kwa dola kuwe na mfuko wake, juu noti za dola zote ni za ukubwa mmoja, na franka za Burundi mfuko mwingine. Anapokea chenji mbele ya mtu anayemwamini, anazikunja hapohapo.

Tena lipo jambo ambalo nyumba nyingi hazipendi kulisema. Aprili 2020 mto Mulongwe uliposhuka na mawe na kubeba nyumba na watu, familia zilikimbia jinsi walivyoweza. Na vita imetukimbiza mara ngapi? Kaeni jioni moja, mkubaliane sasa: nani atampa papa mkono, mfuko wake wa dawa na karatasi uko wapi, mtapanda kwa njia gani, mtakutana wapi mkipotezana. Kisha mpite njia hiyo pamoja naye, mchana, mara tatu nne. Siku yenyewe ikija, hakuna atakayekuwa na akili ya kufikiri.

Fimbo nyeupe

Fimbo ya kipofu si ya kuegemea. Ni kidole kirefu. Ipimwe kutoka chini mpaka kwenye mfupa wa katikati ya kifua, iwe nyepesi. Ile ya dukani ni ya chuma chepesi, inakunjika, lakini mwanzi ulionyooka nao unafaa kwa kuanza, upakwe rangi nyeupe. Inatembezwa kulia na kushoto, chini kwa chini, upana wa mabega, ikigusa mbele mahali ambapo mguu unataka kukanyaga. Ianzie uani, halafu mpaka kwa jirani, halafu mpaka kanisani. Mwanzoni wewe fuata nyuma, kimya. Kimya kabisa. Ahesabu mwenyewe: hapa mwembe unaotoa kivuli, hapa redio ya kinyozi, hapa harufu ya duka la samaki kavu, kisha zamu ya kushoto.

Rangi nyeupe ina historia yake. Mpiga picha mmoja wa Bristol, Uingereza, James Biggs, alipofuka, akaogopa magari, akaipaka fimbo yake nyeupe mwaka 1921 ili waendeshaji waione. Miaka kumi baadaye pale Paris mama mmoja, Guilly d'Herbemont, akaanza kugawa fimbo nyeupe kwa vipofu, wengi wao askari waliopoteza macho katika vita ya 1914. Leo tarehe 15 Oktoba ni siku ya fimbo nyeupe duniani. Lakini nenda uwaulize motari wa Uvira kama wanajua maana yake! Hapo vijana wa parokia mnayo kazi: muende pale wanapoegesha pikipiki, muwaeleze. Pikipiki iliyozimwa na kuachwa katikati ya njia ya miguu ni ukuta kwa asiyeona.

Mtu akijua fimbo, yule mtoto wa miaka tisa hana kazi tena asubuhi. Arudi shule.

Arudi kazini pia

Uvuvi wa usiku ziwani bila macho ni hatari, sitakudanganya. Lakini nani alisema uvuvi ni mtumbwi tu? Wavu unashonwa kwa vidole. Mvuvi mzee anajua ukubwa wa tundu kwa kidole gumba kuliko kijana kwa macho. Mpe sindano na uzi. Wengine wanasuka vikapu, wanafuga mbuzi na kuku, wanatengeneza sabuni, wanapiga kinanda, wanauza vocha za simu mbele ya nyumba. Mwalimu aliyepofuka bado ana masomo yote kichwani. Mtu wa kumsomea kazi za wanafunzi anatosha.

Mfano wa kweli ni Henry Wanyoike wa Kenya. Alikuwa kijana mkimbiaji. Mwaka 1995 aliugua kiharusi, akaamka haoni karibu kitu. Alikata tamaa kabisa. Wakampeleka katika chuo cha vipofu cha Machakos, akafundishwa kufuma sweta kwa mashine. Sweta, mtu wa mbio! Lakini kwa sweta alianza kusimama tena, na kule kule akaanza kukimbia akifungwa kamba ya mkono na kiongozi. Mwaka 2000 katika michezo ya walemavu kule Sydney, mita 5000, kiongozi wake aliishiwa nguvu karibu na mwisho, na asiyeona akamvuta anayeona mpaka kwenye mstari. Dhahabu. Sisemi papa yako atakimbia. Nasema alianzia kwenye sweta.

Vidole vinavyosoma, simu inayoongea

Kijana aliyepofuka asome. Louis Braille, Mfaransa, alizaliwa 1809, alijichoma jicho na chuma cha kutoboa ngozi katika karakana ya baba yake akiwa na miaka mitatu, na ugonjwa ukahamia jicho la pili. Alipofika miaka 15 alikuwa amepanga nukta sita, mbili kwa upana na tatu kwa urefu, zinazotosha herufi zote. Nukta moja ya juu kushoto ni a. Ongeza ya chini yake, ni b. Kiswahili chetu kinaandikika kwa nukta hizo bila shida. Kwa kuandika kuna kibao na msumari mfupi: unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha unageuza karatasi na kusoma kwa vidole. Kijana mwenye bidii anajua herufi kwa wiki chache. Upesi wa kusoma unachukua muda mrefu zaidi. Mzee asilazimishwe.

Na simu? Shika simu yako ndogo ya vibonyezo, gusa namba 5. Unasikia kinundu? Kimewekwa pale makusudi. Kutoka 5 kidole kinajua 2 iko juu na 8 iko chini. Simu kubwa za Android zina kitu kinaitwa TalkBack, kiko ndani tayari, ni bule: ukigusa, inasoma kwa sauti, kwa Kifaransa na katika simu nyingi hata kwa Kiswahili. Kijana wa nyumba akifundishe kwa uvumilivu wiki mbili. Namba ya siri ya feza ya simu abaki nayo yeye peke yake, hata bibi au mtoto asiishike. Wengi wameibiwa na watu wa nyumba yao, wakakaa kimya kwa sababu huyo huyo mwizi ndiye anayewaongoza njiani.

Wapi pa kubisha hodi

Anzia kituo cha afya cha mtaa, uombe barua ya kutumwa, halafu Hospitali Kuu ya Uvira. Kwa upasuaji na upimaji mkubwa, Hospitali Kuu ya Mkoa kule Bukavu ina huduma ya macho. Njia zetu mnazijua: kabla ya kupanda gari uliza kama barabara na mipaka ni salama wiki hiyo. Ng'ambo, Kabgayi katika Rwanda inajulikana siku nyingi kwa kutibu macho. Kwa mtu mzima anayetaka kujifunza fimbo, kulima na kuishi bila macho, Umoja wa Vipofu wa Rwanda una kituo chake Masaka, Kigali. Kwa watoto kuna Kibeho niliyoitaja, na Kinshasa kuna Taasisi ya Taifa ya Vipofu. Familia zetu zilizoko kambini Nyarugusu, Tanzania, wako karibu na shule ya Kabanga, wilaya ya Kasulu, ambayo inapokea watoto wasioona.

Mkurugenzi wa shule akikataa kumwandika mtoto kwa sababu haoni, usigombane naye. Mwambie kwa upole kwamba nchi yetu ina sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kwamba kipengele cha 49 cha Katiba kinawalinda pia. Andika namba hizo kwenye karatasi uende nazo, pamoja na padri au pasta wako kama inawezekana. Na mtoto mwenyewe aende nanyi, amevaa vizuri, fimbo mkononi, ajibu maswali yeye.